Si Kila Neno Baya ni Tusi

Wazee wetu walisema: heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Ni nyumba chache za mwambao ambazo mtoto hakulelewa na maneno hayo. Lakini wazee hao hawakudhani kwamba kila anayejikwaa ulimi hujikwaa katika jiwe moja. Mwenye kumtukana jirani yake, mwenye kuapa uwongo, mwenye kumlaani mwanawe, mwenye kutamka mambo ya faragha mbele ya wakwe, na mwenye kulifanyia mchezo jina la Mwenyezi Mungu, wote wamekosa. Hata hivyo kosa lao si moja, aliyekosewa si mmoja, wala njia ya kulitengeneza si moja.

Katika makala haya twataka kuyapima maneno ambayo Waingereza huyatumia kuitaja lugha mbaya. Pengine msomaji atauliza: sisi tuna haja gani na maneno ya Waingereza, ilhali yetu yatutosha? Jawabu ni kwamba Kiingereza ndiyo lugha wanayosomea watoto wetu wengi, ndiyo lugha ya filamu na nyimbo ziingiazo majumbani mwetu hata ndani ya simu za mkononi, na ndiyo lugha ambayo sheria nyingi za nchi zetu ziliandikwa kwayo. Mtoto akirudi kutoka shule akauliza 'profanity' maana yake nini, ataambiwa: matusi. Akiuliza 'obscenity', ataambiwa: matusi. 'Curse' ni matusi, 'swear' ni matusi, 'vulgar' ni matusi, 'abuse' ni matusi. Jawabu moja kwa maswali sita si jawabu.

Hoja yetu ni hii. Kila mojawapo ya maneno hayo lafaa lipimwe kwa swali moja: ni haki ya nani iliyovunjwa? Ni ya Mungu, ni ya mtu fulani, au ni ya haya ya wasikilizaji? Waingereza wenyewe, kwa muda wa miaka mia nne hivi, wamelichanganya swali hilo mpaka lililokuwa zito likawa jepesi, na lililokuwa jepesi likawa zito. Nasi tukiyafasiri yote kwa neno moja, twaurithi mchanganyiko huo bila ya kujua kuwa tumeurithi.

KUAPA NA KULAANI

Neno 'swear' asili yake ni kuapa. Mpaka leo shahidi asimamaye mbele ya hakimu kule London, akaapa kwamba atasema kweli, kitendo chake huitwa kwa neno hilo. Na mlevi apigaye kelele nje ya mahakama hiyo hiyo, akatoa maneno yasiyosemeka, kitendo chake huitwa kwa neno hilo hilo. Mwenye kujifunza lugha hushangaa: vipi kiapo na uchafu vikae nyumba moja? Sababu ni kwamba kwa karne nyingi neno lililotisha sana katika ulimi wa Mwingereza halikuwa neno la mwili, bali ni kiapo kilichotupwa ovyo. Mcheza kamari aliapa kwa majeraha ya Mungu, kwa damu yake na kwa mwili wake, akikusudia yale wanayoyaamini Wakristo juu ya kusulubiwa kwa Isa. Huyo alikuwa akiapa kweli, ila aliapa kwa mambo makubwa juu ya jambo dogo. Ndipo kitenzi cha kuapa kikabeba ubaya, na baadaye kikabebeshwa kila ubaya wa ulimi.

Ushahidi umo katika sheria zao. Mwaka 1606 Bunge la Uingereza liliwakataza waigizaji kulitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani, na faini yake ilikuwa pauni 10, fedha nyingi sana siku zile. Athari yake yaonekana hata katika maandishi ya Shakespeare. Mchezo wake wa Othello ulipigwa chapa mwaka 1622, kisha ukapigwa tena mwaka 1623 ndani ya mkusanyiko wa michezo yake. Viapo vingi vilivyomo katika chapa ya kwanza havimo katika ya pili. Lakini maneno machafu ya mwili anayoyasema Iago katika mchezo huo huo yaliachwa kama yalivyo. Mizani ya zama zile yajulikana kwa kile kilichofutwa na kile kilichoachwa.

Sheria nyingine, ya mwaka 1745, iliweka faini kwa cheo cha mtu. Kibarua, askari wa kawaida au baharia alitozwa shilingi 1; aliyewazidi hao lakini hakufikia daraja ya mabwana alitozwa shilingi 2; bwana mkubwa alitozwa shilingi 5. Sheria hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1967. Tunalotaka msomaji alione ni kwamba ilitaja vitendo viwili mbali mbali: kulaani, ambako ni 'curse', na kuapa, ambako ni 'swear'. Haikuvifanya kuwa kitu kimoja.

Na kweli si kimoja. Neno 'damn', ambalo siku hizi husikika katika filamu hata za watoto wakubwa kidogo, asili yake ni kuhukumu. Amwambiaye mwenzake neno hilo hakuapa wala hakusema la aibu. Amemwombea ahukumiwe Motoni. Hiyo ni dua, tena dua ya shari. Kijana wetu akidondosha kikombe akalitamka, hudhani ametoa mlio wa kuudhika tu kama mtu asemavyo "ah!". Hajui kwamba ameomba.

Hapa Kiswahili chetu chatusaidia sana. Kuapa na kuapiza ni maneno yanayokaribiana mno kwa sauti, na hata hivyo hakuna mtu wa pwani ayachanganyaye. Aliyeapa amejifunga mwenyewe. Aliyeapiza amemtakia shari mwenzake. Mama akisema "sikuapizi mwanangu, lakini umeniudhi," kila asikiaye ajua ni mpaka gani mama huyo ameogopa kuuvuka.

Waingereza waliokuwa na khofu ya viapo walivikwepa kwa kuvipinda. Wakasema 'gosh' badala ya jina la Mungu, 'gee' badala ya jina la Isa, 'heck' badala ya jahanamu, na 'darn' badala ya 'damn'. Vitabu vya hadithi za watoto vina maneno hayo kwa wingi, na walimu huyaona kuwa ni ya adabu. Ni kweli hayana uchafu. Lakini yafaa tujue kwamba ni makapi ya viapo, na kwamba walioyabuni walikuwa bado wanaogopa. Aliyeyapokea baadaye alipokea sauti, ile khofu hakuipokea.

KUDHARAU NA KUKUFURU

Neno 'profane' limetoka katika Kilatini, na sehemu zake mbili zina maana ya "mbele ya hekalu", yaani nje yake, mahali pasipo patakatifu. Kukifanya kitu hivyo ni kukitoa mahali pake pa heshima na kukitupa uwanjani pamoja na vitu vya kila siku. Neno 'blasphemy' limetoka katika Kigiriki, na asili yake ni kusema ubaya. Katika mambo ya dini ni kumsema Mungu kwa ubaya.

Mtu apigaye kelele jina la Mungu kwa sababu timu yake imefungwa bao, wala moyoni hamkumbuki Mungu, amefanya la kwanza. Asemaye kwamba Mungu ni dhalimu amefanya la pili. La kwanza ni kudharau kitukufu. La pili ni kukufuru. Ndimi zetu nasi zimekuwa nyepesi kusema "fulani amekufuru" kwa jambo ambalo ni upuuzi tu, na kumtuhumu mtu ukafiri si jambo dogo.

Wala tofauti hizi si za wanachuoni peke yao. Mwaka 1988 ilitoka Uingereza riwaya ya Salman Rushdie iitwayo The Satanic Verses. Waislamu wa huko wakaenda mahakamani kutaka mwandishi na mchapishaji washitakiwe kwa kosa la 'blasphemy'. Mwaka 1990 mahakama ya London iliamua kwamba kosa hilo, kwa sheria ya England, lalinda dini ya Kikristo tu. Walioshitaki walilishika neno kwa maana yake ya kamusi, na mahakama ililishika kwa maana yake ya sheria. Waliokwenda na neno hilo walirudi mikono mitupu.

Mambo hayakuishia hapo. Sheria ya mwaka 2006 iliweka kosa jipya, la kuchochea chuki juu ya watu kwa sababu ya dini yao kwa maneno au vitendo vya kutisha. Lakini dini yenyewe iliachwa wazi kukosolewa na hata kubezwa. Mwaka 2008 kosa la kukufuru likafutwa kabisa katika England na Wales. Basi tazama safari ya neno. Katika karne ya 17 aliyelindwa na sheria ni jina la Mungu. Katika karne ya 21 alindwaye ni mtu. Kuna asemaye kuwa hayo ni maendeleo na kuna asemaye kuwa ni hasara, lakini hakuna awezaye kusema kwamba ni kitu kile kile.

HAYA YA WASIKILIZAJI

Maneno 'obscene' na 'indecent' hayamgusi Mungu kwanza wala hayamgusi mtu fulani. Yagusa haya ya asikiaye. Mwaka 1807 ilichapwa mjini Bath michezo 20 ya Shakespeare iliyosafishwa kwa ajili ya nyumba zenye watoto. Kazi hiyo ilifanywa na bibi mmoja, Henrietta Maria Bowdler, bila ya kutia jina lake. Mwaka 1818 ikatoka michezo yote kwa jina la nduguye, Thomas Bowdler. Makusudio yao yalikuwa baba aweze kuisoma kwa sauti mbele ya mkewe na watoto bila ya kukatiza katikati ya sentensi. Waingereza wa leo huwacheka, na jina la Bowdler limekuwa kitenzi cha kukejeli wanaokata vitabu ovyo. Sisi twaona walikata kupita kiasi, lakini swali waliloliuliza halikuwa la kuchekwa: je, neno hili lastahili kusikiwa na watu waliokaa pamoja, wakubwa kwa wadogo?

Tofauti ya maneno hayo mawili ni kwamba 'indecent' ni lile linaloaibisha, na 'obscene' ni zito zaidi, ni lile linaloharibu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1857 ilikuwa juu ya vitabu vya namna hiyo, na mwaka 1868 mahakimu wakaweka kipimo: je, maandishi haya yaelekea kuzipotosha na kuziharibu nyoyo za watakaoyapata? Sheria ya mwaka 1959 ilikibakisha kipimo cha kuharibu, ila ikataka kitabu kitazamwe chote kwa jumla, na ikaruhusu utetezi wa faida yake katika elimu na fasihi. Ndipo mwaka 1960 wazee wa baraza waliiachilia kampuni ya Penguin katika kesi ya riwaya ya D. H. Lawrence, Lady Chatterley's Lover, ingawa maneno yake hakuna baba ambaye angeyasoma mbele ya binti zake. Hukumu hiyo haikusema kwamba maneno yale hayana aibu. Kaibu na kuharibu vilipimwa mbali mbali.

Mfano ulio wazi zaidi watoka Marekani. Mwezi wa Oktoba 1973, saa nane ya mchana, stesheni moja ya redio ya New York ilitangaza maneno ya mchekeshaji George Carlin, aliyekuwa akiyataja moja moja maneno yasiyotajika hewani. Baba mmoja akayasikia akiwa ndani ya gari pamoja na mwanawe, akapeleka malalamiko. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, nayo ikaamua mwaka 1978. Sheria ilikataza lugha ya 'obscene', 'indecent' au 'profane'. Watu wa redio walidai kwamba maneno yale hayakuwa ya kuchochea ashiki, kwa hiyo hayakuwa kosa. Mahakama, kwa mahakimu 5 dhidi ya 4, ilijibu kwamba maneno matatu ya sheria yametengwa kwa "au", na kwa hiyo kila moja lina maana yake. Kutochochea ashiki hakuifanyi lugha kuwa ya heshima. Kesi nzima ilisimama juu ya neno dogo "au", na kila mzazi mwenye redio alikuwa na maslaha yake ndani ya neno hilo.

Lakini nchi hiyo hiyo ilikuja kuvuruga yenyewe. Tume yao ya mawasiliano hapo kwanza ililichukua neno 'profane' kuwa la mambo ya kumkosea Mungu. Mwaka 2004, baada ya mwimbaji mmoja kutamka neno chafu katika sherehe ya kutoa tuzo iliyoonyeshwa na televisheni, tume ilitangaza kwamba 'profane' laingia pia maneno makubwa ya uchafu yasiyohusu dini. Neno lililozaliwa mlangoni mwa hekalu likapelekwa kufanya kazi ya chooni. Twaelewa kwamba tume ilitafuta njia ya kulinda watoto, na makusudio hayo ni mema. Hata hivyo, jina la Mungu likapoteza neno lililokuwa lake.

Kuna neno jingine lenye hila zaidi, nalo ni 'expletive'. Asili yake ya Kilatini ni kujaza, na maana yake ni neno la kujazia nafasi tu. Mwezi wa Aprili 1974 Rais Nixon wa Marekani alipotoa maandishi ya mazungumzo yake yaliyonaswa katika kanda, mahali pengi paliandikwa kwamba neno la namna hiyo limefutwa. Watu wakadhani hapo palikuwa na uchafu mkubwa mno. Kanda zilipokuja kusikilizwa, baadhi ya yaliyofutwa yalikuwa ni kulitaja ovyo jina la Mungu na la jahanamu. Basi neno hilo halisemi ni kosa gani lililofanywa, lasema kwamba nafasi ilijazwa. Aliyekufuru, aliyelaani na aliyetamka uchafu wote hufunikwa shuka moja. Hili ndilo ndugu khasa wa "matusi" yetu.

UUNGWANA NA USHENZI

Neno 'vulgar' ndilo linalodanganya kuliko yote. Kwa Kilatini 'vulgus' ni watu wa kawaida, umati. Katika shina hilo hilo limetoka jina la Vulgata, tafsiri ya Biblia kwa Kilatini kilichotumiwa na watu wengi. Kwa hiyo asili yake halikuwa na dhambi ndani yake. Lilipoanza kuwa lawama, lawama yenyewe ilikuwa hii: wewe wasema kama watu wa chini.

Mwaka 1914 ulichezwa London mchezo wa Bernard Shaw uitwao Pygmalion, juu ya binti muuza maua aliyefunzwa kusema kama mabibi wakubwa. Katikati ya barza ya heshima binti huyo alitamka neno la mtaani lenye maana ya "enye damu". Mji ulishtuka na magazeti yakaandika. Lakini neno hilo katika matumizi yake halimtukani Mungu, halitaji tupu ya mtu, wala halimvunjii mtu heshima. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba ni neno la wachuuzi na wapagazi.

Hapa tusiwacheke Waingereza, kwani nasi tuna yetu. Mara ngapi mtoto huambiwa "usiseme maneno ya kishenzi," na neno lenyewe ukilitazama halina uchafu wala laana, ila ni neno la bara, au la shamba, au la watoto wa mtaa wa pili? Huko si kufunza adabu, ni kufunza kibri. Na mtoto huyo huyo aweza kumsengenya mtu kwa Kiswahili fasaha, kwa sauti ya chini, na wakubwa wakamsifu kwa ulimi mzuri. Lugha yaweza kuwa ya kiungwana na neno likawa haramu. Na lugha yaweza kuwa ya kimtaani na neno likawa halali.

MTU NA HESHIMA YAKE

Sasa tufike kwenye maneno yanayomlenga mtu. 'Insult', kwa asili yake ya Kilatini, ni kumrukia mtu. 'Abuse' ni kutumia vibaya. Kwa desturi, la kwanza huangalia jeraha la aliyeambiwa, na la pili huangalia ukali na ubaya wa aliyesema. Mtu aweza kuumia kwa neno la kweli lililosemwa kwa utulivu, na hapo pana la kwanza bila ya la pili.

Tofauti hiyo imewahi kubadilisha sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 juu ya amani ya umma ilikuwa na kifungu kilichokataza maneno ya kutisha, ya 'abusive' au ya 'insulting'. Watu wengi wakalalamika kwamba hilo la mwisho ni pana mno, kwani kila mkali wa moyo aweza kusema ameumizwa. Vyama vya Kikristo na vyama vya wasiofuata dini, ambao kwa kawaida hawapatani, walisimama pamoja katika dai hilo. Mwaka 2013 Bunge likapitisha kuliondoa neno hilo katika kifungu hicho, na mawili yale mengine yakabaki.

Nasi huku twaguswa moja kwa moja. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ambayo lugha yake imerithiwa katika sheria za wakoloni wa Kiingereza, ina kifungu kinachokataza kumtolea mtu lugha ya 'obscene', 'abusive' au 'insulting' kwa namna iwezayo kuvunja amani. Na mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha kwamba Kiswahili ndicho kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Basi mfasiri akikaa mezani mbele ya kifungu kama hicho, akaandika "matusi" na kuendelea, amefuta makosa mawili katika matatu. Mshitakiwa hatajua ameshitakiwa kwa aibu, kwa ukali au kwa kuvunja heshima, na shahidi hatajua atoe ushahidi wa nini. Ilhali maneno tunayo: lugha ya fahisha, lugha ya matukano, lugha ya kuvunja heshima. Hatukukosa maneno, tumekosa mazoea ya kuyatumia kila moja mahali pake.

Tuongeze na hili, kwani laonyesha mizani imegeukia wapi. Ofcom, ambayo ndiyo tume ya utangazaji ya Uingereza, imetoa uchunguzi juu ya maneno yanayowaudhi watazamaji, mathalan mwaka 2016 na mwaka 2021. Maneno ya kuwadharau watu kwa rangi au asili yao yalionekana kuwa miongoni mwa yanayochukiwa mno, na kulitaja ovyo jina la Mungu likawa katika daraja nyepesi. Katika hayo mawili, la kwanza twalikubali kwa mikono miwili, kwani kumdharau mtu kwa rangi yake ni kosa kubwa, na watu wetu wameonja uchungu wake katika miji ya Ulaya. La pili ndilo linalotutisha. Kijana akipima uzito wa maneno kwa filamu, atajifunza kumheshimu mtu na asijifunze kumheshimu Muumba wa mtu.

MIZANI YETU

Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Ibn Mas'ud, Mtume s.a.w. amemkanushia Muumini sifa nne za ulimi. Ya kwanza ni kuwatia watu ila, ya pili ni kulaani, ya tatu ni fahisha, na ya nne ni ubaya wa ulimi kwa jumla. Mwenye kuzitazama ataona kwamba hazikutajwa kwa neno moja. Kila moja ina jina lake, kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Aliyemvunjia mtu heshima hatengenezi kwa kusema astaghfirullahi peke yake. Hana budi kwenda kwa aliyemkosea na kutaka radhi. Aliyeapa kwa kukusudia kisha akavunja kiapo ana kafara yake: kulisha masikini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Aliyekufuru, jambo lake ni baina yake na Mola wake, naye arudi kwa toba. Aliyetamka uchafu mbele ya watu ameikosea hadhara nzima, na dawa yake ni kuona haya na kuuzuia ulimi. Sasa mzazi asemaye "usitukane" kwa yote hayo amempa mtoto dawa moja kwa maradhi manne.

Wala tusisahau kwamba yale yaliyowapata Waingereza katika neno 'swear' yatunyemelea nasi katika "wallahi". Sokoni wallahi, barazani wallahi, katika bei ya nyanya wallahi, katika mzaha wa mpira wallahi. Ni kweli kwamba kiapo kipitacho ulimini bila ya nia hakina kafara. Lakini mazoea yana hatari yake. Nao kule walianza kwa kuapa katika kamari, wakaishia kwa kizazi kisichojua kwamba maneno hayo yalikuwa viapo.

Basi nasaha yetu kwa wazazi na walimu ni nyepesi. Mtoto akija na neno la Kiingereza alilolisikia, asipigwe kabla ya kuulizwa, wala asiambiwe "ni matusi" akaachwa. Aulizwe: neno hili lamgusa nani? Kama lamgusa Mungu, aambiwe hivyo. Kama ni dua mbaya, aambiwe ni dua. Kama ni la aibu, aambiwe kwa nini watu huona haya. Kama ni la kumvunjia mtu heshima, afunzwe kwenda kutaka radhi. Na kama ni neno la watu wa chini tu, lisilo na ubaya mwingine, basi mzazi ajipime nafsi yake kwanza kabla ya kumkaripia mtoto.

Wa billahi tawfiq.